UZI: Galaksi yenye shimo jeusi kubwa inayopita anga la Mtwara na Lindi, wakati London hawaioni kabisa

#1 KusiMtwara

Wakuu, salaam kwenu.

Mvua zimekwisha, kusi limeanza kupiga na anga la huku limesafishika. Kila msimu kama huu humu ndani watu wanarushiana picha za mashimo meusi walizozitoa huko mitandaoni, halafu hakuna anayesema kwamba mojawapo ya galaksi kali za aina hiyo inapita usiku huu upande wetu wa kusini, juu ya Msumbiji, na ukiwa na darubini ndogo ya macho mawili unaiona. Aliyepo London au Berlin haioni hata akipanda juu ya ghorofa, kwa sababu kwao haichomozi. Wajerumani walibeba mjusi wetu wa Tendaguru kati ya 1909 na 1913 wakaenda kumsimamisha Berlin. Hii wameshindwa kuibeba.

Inaitwa Centaurus A. Kwenye orodha za wanaastronomia ni NGC 5128. Iko umbali wa miaka nuru kama milioni 12 (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mmoja), yaani mwanga utakaoingia jichoni mwako leo ulianza safari binadamu hajawahi kuwepo. Katikati yake kuna shimo jeusi lenye uzito unaokadiriwa kuwa mara milioni 55 ya Jua. Shimo hilo linakula, na kula kwake ndiko kunakoifanya galaksi nzima ipige kelele za redio ambazo zimejulikana tangu miaka ya 1940.

Mwanasayansi wa kwanza kuiona ni James Dunlop, 1826, akiwa Parramatta kule Australia. Baadaye John Herschel alihamia Rasi ya Tumaini Jema miaka ya 1830 akaitazama kwa darubini kubwa zaidi, akaona imekatwa katikati na ukanda mweusi. Wote wawili ilibidi washuke kusini ya dunia ndiyo waione. Sisi tumezaliwa huku.

Karibuni tuchambue. Wenye maswali waulize, wenye ujuzi washushe nondo.

#2 Korosho Ghafi

Nimekaa paleee. Mkuu usituache njiani kama ule uzi wako wa gesi.

#3 Jahazi la Lindi

Kaka KusiMtwara, kuna kitu hakijakaa sawa. Tumefundishwa shimo jeusi halitoi kitu, hata mwanga ukiingia haurudi. Sasa leo unaniambia ndilo linaloifanya galaksi iwake? Chagua moja.

#4 KusiMtwara

@Jahazi la Lindi swali zuri sana, na hapo ndipo penye utamu wote.

Shimo lenyewe haliwaki. Kinachowaka ni chakula kabla hakijamezwa. Gesi na vumbi vikivutwa haviendi moja kwa moja mpaka mdomoni, kwa sababu tangu mwanzo vilikuwa na mwendo wa pembeni. Vinaanza kuzunguka. Vinajipanga kwenye sahani bapa inayozunguka shimo, ya ndani inakwenda kasi kuliko ya nje, zinasuguana, sumaku zinavurugana, na joto linapanda. Kwenye shimo kubwa, sehemu ya ndani ya sahani inafika nyuzi maelfu kwa maelfu, inamwaga mwanga wa kawaida na ule wa urujuanimno. Juu yake kuna gesi yenye joto kali zaidi, hiyo inatoa eksirei.

Sasa linganisha mafuta yanavyotumika. Jua letu linaunganisha haidrojeni kuwa heliamu, na katika kazi hiyo ni asilimia 0.7 tu ya uzito wa ile haidrojeni inayogeuka kuwa nishati. Hata hivyo tunaungua nalo mchana kutwa. Kitu kikianguka kuelekea shimo jeusi kupitia ile sahani, kinaweza kutoa kama asilimia 6 ya uzito wake kuwa nishati, na kama shimo linajizungusha kwa kasi inaweza kupanda hadi karibu 40. Wataalamu wengi kwenye hesabu zao za haraka wanaweka 10.

Kwa hiyo kwa kilo moja ya gesi, shimo jeusi linazalisha mara nyingi kuliko nyota. Hakuna tanuru la kawaida ulimwenguni linalofikia hapo. Ndiyo maana kuna galaksi ambazo kitovu chake, eneo dogo kabisa, kinang'aa kuzidi nyota zake zote mamia ya mabilioni zikijumlishwa.

Na ikikosa chakula inazima. Shimo linabaki pale pale, kimya. Hili la galaksi yetu ya Njia Nyeupe ni mfano: lina uzito kama mara milioni 4 ya Jua, lakini kwa sasa linakula kidogo sana.

#5 Thibitisha

Mimi nawasoma tu. Maswali yangu mawili. Nani alifika huko? Na kama hajafika mtu, huo uzito wa "mara milioni 55" waliupima kwa mizani gani? Wazungu wakisema chochote sisi tunapiga makofi.

#6 Korosho Ghafi

Hahaha huyu naye kaja. Pesa ya korosho hujaiona lakini unaamini itaingia kwenye akaunti.

#7 Bint Kilwa

@Thibitisha kaka yangu, usiache kuuliza, maana hata wao wenyewe walibishana miaka mingi. Mimi nimepita fizikia chuoni, nitajaribu kueleza kwa lugha ya kwetu.

1943 Mmarekani Carl Seyfert alichunguza galaksi chache zenye kitovu kinachong'aa kupita kiasi. Ukipasua mwanga wao kwenye rangi zake, unakuta mistari ya gesi imetanuka, na mstari ukitanuka maana yake gesi inakimbia, nyingine inakuja kwetu na nyingine inatukimbia, kwa maelfu ya kilomita kwa sekunde. Gesi haiwezi kukimbia hivyo na kubaki pale pale bila kitu kizito kuishikilia. Hakuna aliyemjali sana wakati ule.

Kisha vita vya dunia vikaisha na mafundi wa rada wakageuza antena zao angani. Hapa nawaomba watu wa pwani msikilize. Kule Sydney, sehemu inaitwa Dover Heights, John Bolton na wenzake Stanley na Slee waliweka antena juu ya jabali linalotazama bahari. Chanzo cha redio kikichomoza baharini, mawimbi yake yanafika kwenye antena mara mbili: moja kwa moja, na tena yakiwa yamedunda juu ya maji. Ukizichanganya hizo mbili unapata vipimo ambavyo vingehitaji antena mbili zilizotengana. Yaani bahari iliwafanyia kazi ya antena ya pili, bure. 1949 wakatangaza kwamba kelele moja inatoka pale pale ilipo NGC 5128, nyingine kwenye galaksi ya M87. Na hata wao hawakuthubutu kusema vyanzo hivyo viko mbali. Kwenye andiko lao waliona huenda viko ndani ya galaksi yetu. Kelele zilikuwa kubwa mno kuaminika kwamba zinatoka nje.

Sasa kuhusu kupima. 1962 Mwezi ulipita mbele ya chanzo cha redio kinachoitwa 3C 273. Cyril Hazard na wenzake, kwa antena kubwa ya Parkes kule kule Australia, wakaangalia saa hasa ambayo kelele inazimika na saa inayorudi. Ukingo wa Mwezi unajulikana ulipo kila sekunde, kwa hiyo wakapata mahali halisi pa chanzo. Pale pana kitu kinachofanana na nyota tu. 1963 Maarten Schmidt akapasua mwanga wake kwa darubini ya Palomar, akagundua mistari ya haidrojeni imesogea kwa karibu asilimia 16 kwenda upande wa mwekundu, na kadiri inavyosogea ndivyo kitu kilivyo mbali. Hesabu za leo zinaiweka zaidi ya miaka nuru bilioni 2. Kitu kiwe mbali hivyo na bado kionekane kwa darubini ya mtu binafsi! Ndipo jina la kwasari likazaliwa.

Na sasa ile hoja ninayoipenda kuliko zote. Kwasari hizi zinabadilika mwanga. Nyingine ndani ya siku chache zinapanda au kushuka. Kitu hakiwezi kuongeza mwanga wote kwa pamoja haraka kuliko mwanga unavyoweza kukivuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ikibadilika ndani ya siku chache, basi upana wa kile kinachowaka ni siku chache za mwendo wa mwanga, ukubwa wa kulinganishwa na mfumo wetu wa Jua. Yaani nguvu kuzidi galaksi nzima, imefungiwa ndani ya eneo dogo vile. Niambie, ni nini kingine utakiweka hapo?

1964 Salpeter kule Marekani na Zel'dovich kule Urusi, kila mmoja kivyake, wakasema: shimo jeusi linalokula. 1969 Lynden-Bell akaongeza kwamba galaksi nyingi zilizopoa lazima ziwe bado na mashimo hayo katikati.

#8 Thibitisha

Hapo kwenye kubadilika mwanga umenibana dada. Lakini inaweza ikawa rundo la nyota zilizokufa, si lazima shimo moja.

#9 Bint Kilwa

Hilo ndilo lilikuwa pingamizi la heshima kabisa. Rundo la nyota zilizokufa kwenye eneo dogo vile halidumu. Zingegongana au kutawanyika au kuanguka pamoja zikawa shimo hilo hilo. Na katika galaksi yetu wamefuatilia nyota moja moja zikizunguka katikati kwa miaka zaidi ya ishirini, ikiwemo moja inayomaliza mzunguko kwa miaka 16. Njia zake zinaelekeza kwenye kitu kimoja kizito kisichoonekana. Reinhard Genzel na Andrea Ghez walipewa Nobeli ya 2020 kwa kazi hiyo, pamoja na Roger Penrose kwa hesabu zake.

Halafu tarehe 10 Aprili 2019 ikaja picha ya shimo la M87, kivuli kikiwa kimezungukwa na pete ya mwanga. Mei 2022 ikaja ya shimo la galaksi yetu.

#10 Thibitisha

Sawa. Sijakubali lakini naendelea kusoma.

#11 Mvuvi wa Giza

Habari za usiku wakubwa. Mimi ni mtu wa dagaa, Msanga Mkuu. Usiku wa giza ndiyo usiku wa kazi, mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawakusanyiki kwenye taa. Huo Msalaba wa Kusini naujua tangu naenda na marehemu baba, ndio tuliopimia kusini. Na zile nyota mbili kubwa zinazoufuata nazijua. Hiyo galaksi iko upande gani wa hapo? Nieleze kama unamweleza mtu aliye ndani ya chombo, si mtu wa kompyuta.

#12 KusiMtwara

Shikamoo mkubwa. Wewe ndiye niliyekuwa nakusubiri.

Mwezi huu wa tano simama saa nne usiku utazame kusini. Mwezi wa sita itakuwa mahali hapo hapo saa mbili usiku, kwa hiyo kadiri siku zinavyokwenda unaiwahi mapema. Msalaba utauona upande wako wa kulia kidogo. Zile nyota mbili kubwa ziko kushoto kwa Msalaba. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba ndiyo jirani yetu wa miaka nuru minne na kitu.

Acha hizo mbili zikae chini, panda na macho juu. Nyosha mkono, kunja kidole gumba na kile kidogo kabisa. Katikati ya anga la kusini, juu ya usawa wa hizo nyota mbili na Msalaba, utaona nyota hafifu ambayo haijakaza, ina ukungu. Hiyo si nyota. Ni Omega Centauri, kundi la nyota mamilioni lililo kwenye galaksi yetu hii hii. Kwa macho matupu inaonekana kama giza ni la kweli. Ukishaipata, weka vidole vyako vitatu juu yake, kuelekea utosini. Pale vidole vinapoishia ndipo ilipo Centaurus A.

Kwa macho matupu usijisumbue. Mwangaza wake ni daraja la 6.8 au karibu yake (namba ikipanda, mwanga unafifia), na jicho la kawaida huishia 6. Chukua darubini ya macho mawili, ile iliyoandikwa 7x50 au 10x50. Namba ya pili ndiyo muhimu, ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, ndiyo inayokusanya mwanga. Msinunue vile vidude vya plastiki vinavyotangazwa vinakuza mara mia tano. Kuna jamaa aliniuzia kimoja hapa mjini, kilikuwa kinakuza mtetemeko wa mkono wangu tu.

Ukiwa ndani ya chombo itakusumbua kwa sababu ya mawimbi na taa zako mwenyewe. Siku ya mapumziko kaa ufukweni, jipe kama dakika ishirini bila kuangalia simu, jicho lizoee.

Mahali: walio mjini Shangani na Chikongola mtasumbuliwa na taa za barabarani. Nendeni Msimbati, kusini kwake ni mdomo wa Ruvuma na Msumbiji, giza tupu. Walio Newala na Tandahimba mko juu ya uwanda, nyie ndio mmebarikiwa.

#13 Mzee wa Newala

Nimeipata. Nimetumia darubini ya kijana wangu ambaye ni askari wa wanyamapori. Jana umeme ulikatika mtaa mzima, nikasema leo bahati. Ile Omega ni kitu kizuri sana, nimeirudia mara nyingi. Hii nyingine nimeona ukungu wa duara, mdogo, umekufa kwa rangi, hauna chochote. Mke wangu aliangalia akaniuliza hiki ndicho ulichonitolea nje na baridi hii. Huo ukanda mweusi sikuuona wala hiyo nguvu mnayoisema sikuiona.

#14 Bint Kilwa

Mzee wangu shikamoo, na hongera sana. Mpe pole mama.

Ukanda mweusi unahitaji darubini ya kioo cha inchi sita hivi au zaidi. Ni vumbi. Centaurus A ni galaksi kubwa ya duara ambayo iliimeza galaksi nyingine yenye gesi na vumbi, na ukanda ule ni mabaki ya iliyomezwa, bado hayajatulia. Huenda ndiyo yaliyolisha shimo.

Lakini lile kubwa zaidi macho hayawezi kulipata hata kwa darubini ya kioo kikubwa. Shimo linapokula, si vyote vinavyoingia. Sehemu ya gesi inakamatwa na sumaku na kurushwa nje kwa mikondo miwili myembamba, mmoja huku na mwingine kule, karibu na mwendo wa mwanga. Mikondo inatoboa galaksi nzima, inatoka nje, inakwenda kupasuka kuwa mawingu mawili makubwa yanayotoa mawimbi ya redio. Kama macho yako yangekuwa yanaona redio, mzee, pale ulipoona ule ukungu mdogo ungeona kitu chenye urefu wa nyuzi 8 angani. Hiyo ni miezi 16 iliyojaa ukiipanga mmoja pembeni ya mwingine. Kitu chote hicho kimeanzia kwenye sehemu ndogo kuliko mfumo wetu wa Jua.

Na Afrika tumo. Namibia kuna darubini za H.E.S.S., zimejengwa kukamata mwanga wa buluu unaomulika kwa muda mfupi sana hewani pale miale ya gama inapogonga anga letu. 2009 walitangaza kwamba Centaurus A inatoa miale ya gama ya nguvu kubwa mno. Wakaendelea kuilenga kwa zaidi ya saa 200, na 2020 wakaonyesha kwamba miale hiyo haitoki kitovuni peke yake, inatoka kwenye mkondo wenyewe, umbali wa maelfu ya miaka nuru kutoka shimo. Maana yake chembe zinaongezewa kasi upya huko njiani. Zingekuwa zimepata nguvu zote pale mwanzoni tu, zingekuwa zimeshaimaliza kabla ya kufika huko.

#15 Jahazi la Lindi

Kuna kitu kinanichanganya. Nikisoma nakuta Seyfert, kwasari, blazari, galaksi za redio. Ni vitu vinne au kimoja?

#16 KusiMtwara

Kwa sehemu kubwa kimoja, tofauti ni chakula na upande uliosimama.

Umeshawahi kutembea usiku barabara ya vumbi ya Msimbati bodaboda ikakujia kwa mbele? Huoni dereva, huoni pikipiki, unaona mwanga tu na unafumba macho. Ikikupita kwa mbali shambani, ubavu kwa ubavu, taa ile ile huioni kali. Unaona mchirizi wa mwanga ndani ya vumbi. Mkondo ukielekezwa kwetu tunaita blazari. Tukiuona kwa ubavu tunaita galaksi ya redio, na Centaurus A iko kundi hili. Kwa bahati, kwa sababu ingekuwa imetuelekezea tusingeona umbo lake lote.

Seyfert na kwasari zinatofautiana zaidi kwa ulaji. Seyfert mlo wa wastani, galaksi yenyewe bado unaiona vizuri. Kwasari ni karamu, kitovu kinaifunika galaksi yake. Na zipo nyingi, Seyfert na kwasari, ambazo mikondo yake ni dhaifu au haipo kabisa.

Karamu yenyewe ina mipaka lakini. Mwanga nao una msukumo. Shimo likila haraka mno, mwanga wa chakula unakisukuma chakula kinachofuata kirudi nyuma. Kila shimo lina kiwango chake kulingana na uzito. Ile kwasari iliyotangazwa Februari 2024, J0529-4351, wakati ule walikadiria ina uzito wa mara bilioni 17 ya Jua na inameza kiasi cha Jua moja kwa siku. Mwangaza wake unazidi mara trilioni 500 ya Jua, na mwanga wake umesafiri zaidi ya miaka bilioni 12. Nayo iko anga la kusini! Kinachonichekesha, ilikuwa imo kwenye picha za anga tangu 1980. Miaka yote hiyo ilidhaniwa nyota ya kawaida tu, ya karibu.

#17 Korosho Ghafi

Jua moja kwa siku? Huyo hata kwenye shughuli za unyago hakaribishwi, atamaliza pilau.

#18 Mama Nachingwea

Wanangu nawasoma tangu jana na nimeshindwa kulala vizuri. Hilo shimo la kwetu la Njia Nyeupe mnasema limelala. Likiamka je? Si litatuvuta wote?

#19 Bint Kilwa

Shikamoo mama. Lala salama kabisa.

Shimo jeusi halina mvuto wa kipekee. Linavuta kwa uzito wake, basi, sawa na kitu kingine chochote chenye uzito huo. Leo hii Jua likigeuzwa shimo jeusi bila kuongezwa uzito, litakuwa na nusu kipenyo cha kilomita 3 tu, umbali wa kutembea kwa mguu. Dunia ingeendelea kuzunguka pale pale. Tungekufa kwa baridi na giza, si kwa kuvutwa.

La Njia Nyeupe liko miaka nuru kama elfu 26 kutoka hapa. Hata likipata gesi nyingi na kuwaka, sisi tuko nje kabisa kwenye mkono wa galaksi, na hakuna kinachotusogeza kuelekea kule. Na dalili zipo kwamba limewahi kuamka: 2010 wanasayansi kwa kutumia darubini ya angani ya Fermi walitangaza mapovu mawili makubwa ya miale ya gama yanayotoka juu na chini ya kitovu chetu, kila moja urefu wa miaka nuru kama elfu 25. Huenda ni mabaki ya mlo wa zamani, wengine wanasema ni nyota nyingi zilizolipuka. Bado wanabishana.

#20 Mama Nachingwea

Asante mwanangu. Ila hiyo ya kufa kwa baridi ungeiacha.

#21 Kidato cha Nne Masasi

Shikamooni wakubwa. Dada Bint Kilwa, swali la yule kaka Thibitisha la mizani halijajibiwa. Uzito unapimwaje? Tunasoma mvutano sasa hivi, mtihani uko karibu.

#22 Bint Kilwa

Marahaba mdogo wangu. Umesema kweli, nililikwepa. Twende nalo, na tutumie M87 kwa sababu namba zake zinahesabika hata bila kikokotoo cha maana.

Kitu kikizunguka kingine kwa duara, uzito wa kile cha katikati unalingana na kasi mara kasi mara umbali. Huna haja ya kuikumbuka G, ile namba ya mvutano. Linganisha na Dunia na Jua. Dunia inakwenda kilomita 30 kwa sekunde.

1994 darubini ya anga ya Hubble ilitazama sahani ya gesi katikati ya M87. Umbali wa miaka nuru 60 kutoka kitovu, upande mmoja gesi inatukimbia kwa kilomita kama 550 kwa sekunde, upande wa pili inatujia kwa kasi hiyo hiyo. Mwaka nuru mmoja ni kama mara 63,000 ya umbali wa Dunia na Jua. Fanya hesabu ulete hapa.

#23 Kidato cha Nne Masasi

550 gawanya kwa 30 ni 18.3. Mara yenyewe ni 336.
Umbali: 60 mara 63,000 ni 3,780,000.
Zidisha: kama 1,270,000,000.
Kwa hiyo mara bilioni 1.27 ya Jua. Lakini mtandaoni naona bilioni 6.5. Nimekosea wapi?

#24 Bint Kilwa

Hujakosea. Sahani imeinama, kwa hiyo tunaona sehemu tu ya mwendo wake. Walikadiria mwinamo wa nyuzi 42. Gawanya kasi kwa sini ya 42, yaani 0.67, rudia hesabu, utafika karibu bilioni 2.8. Hiyo ndiyo waliyotangaza wakati ule, kama bilioni 3.

Baadaye wengine wakapima kwa kutumia mwendo wa nyota badala ya gesi wakapata zaidi ya bilioni 6. Ugomvi ukawa mkubwa, maana nusu kwa nusu si tofauti ndogo. Picha ya 2019 ndiyo iliyoamua, ukubwa wa pete ulitoa bilioni 6.5, upande wa nyota. Gesi inasukumwa na mambo mengine mbali na mvutano. Nyota huisukumi kirahisi.

#25 Thibitisha

Nimerudia hesabu ya dogo kwa simu, 1.27 nimeipata. Na hiyo 2.8 nimeipata. Sasa hizo nyuzi 42 nani aliziona?

#26 KusiMtwara

Zimo kwenye picha ya Hubble. Sahani ya duara ikiinama inaonekana imebanwa upande mmoja. Pima upana ulipobanwa, gawanya kwa urefu wake. Ukipata karibu 0.74, bonyeza kosini kinyume kwenye simu yako.

#27 Thibitisha

Weka hiyo picha hapa, rula ninayo.